Wanafunzi wangu wanabadilisha maneno tu, hawasemi upya. Tatizo ni Kiingereza au ni hii mada ya maadili ya udaktari?

#1 MwalimuKalamu
Wakuu salaam, naenda moja kwa moja. Nafundisha Kiingereza watu wazima, kiwango cha kati, wengi wao wanataka kusomea uuguzi na famasi. Muhula huu nimeachana na hadithi, nimewapa makala za mambo ya kweli kuhusu maadili ya udaktari. Kazi ni mbili tu, useme upya aya kwa maneno yako, alafu uifupishe. Hapo ndo balaa lilipoanzia.

Niliwatungia sentensi moja ya kupashia misuli, habari ya Henrietta Lacks, yule mama Mmarekani aliyekuwa na kansa ya shingo ya kizazi. "In 1951 a doctor took a piece of her tumour without telling her, and the cells have been growing in laboratories ever since." Kijana mmoja kaniletea hivi: "In 1951 a physician grabbed a slice of her tumour without informing her, and the cells have been developing in laboratories since then." Yani kapita na kamusi neno kwa neno. Ni kama gari la wizi limepakwa rangi mpya, namba ya injini ile ile. Na hapo hapo kaharibu maana, maana "grabbed" ni kupora, sasa daktari kawa kibaka na yeye hata hajui kama kamtukana mtu.

Mwingine ndo kanimaliza, kaandika kwamba Henrietta hana seli. Namuuliza umetoa wapi, ananiambia mwalimu si imeandikwa hapa Henrietta lacks, yaani hana. Nilikaa chini.

Mimi msimamo wangu ni kwamba shida sio Kiingereza, shida hawajalielewa jambo lenyewe, na mtu hawezi kusema upya kitu asichokielewa. Mwenzangu wa ofisini anabisha, anasema ni msamiati tu, waongezewe maneno yataisha. Nyie mnaofundisha na mliowahi kufundishwa mnasemaje?

#2 KitiChaMbele
Nimeshakaa, endeleeni. Henrietta hana seli 😂😂

#3 BintiSarufi
Mwalimu, huyo wa "grabbed" usimuonee. Hicho alichofanya kinajulikana, kuna mtafiti Mmarekani anaitwa Rebecca Moore Howard alikipa jina miaka ya 90 mwanzoni, mi huwa nakiita kuandika kwa viraka. Unachukua sentensi ya mtu, unatoa neno hapa unashona lingine pale, mshono unabaki wa mwenyewe. Hoja ya huyo mama ni kwamba huu sio wizi, ni hatua. Mtu yuko katikati ya lugha asiyoimudu bado na anang'ang'ania nguzo za sentensi ya mwenzie ili asianguke.

Kwa hiyo mi sikubaliani na wewe wala na huyo mwenzako wa ofisini. Shida ni muundo. Mpe msamiati elfu, bado ataupanga kwenye kiunzi kile kile kwa sababu hana kiunzi kingine. Umewahi kuwafundisha kuanza sentensi kutoka mwisho? Sentensi yako inaanza na mwaka. Waambie waanze na seli. Waambie waanze na mgonjwa. Ukianza na mgonjwa tu kitenzi lazima kibadilike chenyewe, hakuna namna.

#4 MzeeWaChaki
Naona mnazunguka. Hawa watu tangu wako na meno ya maziwa wamefundishwa kunakili ubaoni. Ukinakili vizuri bila kukosea herufi unapewa alama ya vema na nyota juu. Miaka kumi na kitu. Leo wewe unaingia na shati lako safi unawaambia wasinakili, alafu unashangaa. Tabia haitoki kwa muhula mmoja.

Na wewe MwalimuKalamu mwenyewe naomba nikuulize kwa heshima, wewe mwenyewe ulianza lini kusema kwa maneno yako? Mi nilianza nilipokuwa na miaka 30 na ushee na sioni aibu.

#5 SistaZamu
Nimepita hapa kimya muda mrefu ila huu uzi umenigusa. Mi ni muuguzi na Kiingereza nilikisomea ukubwani kama hao wanafunzi wako. Kuna kitu hamjakitaja.

Sisi kazini kubadilisha maneno ni KOSA. Daktari akiandika kwenye faili mara mbili kwa siku baada ya kula, mi siandiki "asubuhi na jioni mgonjwa akishiba". Naandika alichoandika. Ukipokea maagizo kwa simu unayarudia neno kwa neno mpaka aliyeko upande wa pili aseme ndiyo. Tunapigwa msasa hivyo mpaka inakuwa damu. Sasa mtu anayetaka kazi hiyo, ambaye pengine dada yake au mama yake ni muuguzi, unamwambia abadilishe maneno ya makala ya kidaktari. Ndani anasikia sauti inamwambia usiguse hicho kitu utaua mtu. Sio kwamba hajaelewa mwalimu, anaogopa.

Kilichonisaidia mimi ni mwalimu mmoja aliyetupa kalamu mbili. Nyekundu unazungushia maneno yasiyoguswa, yaani jina, mwaka, namba, jina la dawa, na msamiati wa fani. Yaliyobaki ni mali yako, yavuruge utakavyo. Siku hiyo nilipumua.

#6 KichwaNgumu
@SistaZamu hii ya kalamu naiiba na sitaandika nimeitoa wapi 😅

Ila nina swali, "informed consent" inaingia nyekundu? Maana wangu mmoja aliifupisha ikawa "the patient agreed". Nikamuuliza alikubali nini, akasema alikubali.

#7 SistaZamu
Nyekundu tena ya kukoleza. Kukubali ni kitu kimoja. Hii ni kukubali baada ya kuelezwa kinachofanyika, hatari zake, njia nyingine zilizopo, na kwamba una uhuru wa kukataa bila kunyimwa matibabu. Ukiandika "agreed" umetupa yote hayo. Mtu anaweza kukubali akiwa hajui anachokubali na ndo hasa makala nzima inachopigia kelele.

#8 Mpitanjia
Mi nadhani mada imewazidi tu. Kwa mfano ile ya Tuskegee, wale wamarekani weusi waliochomwa sindano za kaswende na serikali yao, unampa mtu mzima asome hilo jambo, akili yote inaenda kwenye hasira, saa ngapi atafikiria sarufi?

#9 BwanaKamusi
Hapana mkuu, hapo umeteleza na ndo kosa ambalo wanafunzi nao wanalifanya kwenye ufupisho. Hawakuambukizwa na watafiti. Walikuwa wanaume weusi kama 600 hivi huko Alabama, 399 tayari walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Ubaya ni kwamba waliachwa na ugonjwa wao wakiangaliwa tu, kuanzia 1932 mpaka 1972, na penisilini ilishakubalika kuwa ndo tiba yake tangu kwenye 1947. Hawakuambiwa wanaumwa nini, na dawa hawakupewa.

Unachokikumbuka wewe ni Guatemala, 1946 hadi 1948. Huko kweli watafiti wa Marekani waliambukiza watu makusudi, wafungwa, wanajeshi, mpaka wagonjwa wa akili. Yalijulikana hadharani 2010 na Marekani ikaomba radhi. Hizo ni kesi mbili, na tofauti ya kumpa mtu ugonjwa na kumwacha nao ni somo zima la maadili peke yake.

#10 Mpitanjia
Nimekubali, asante. Miaka yote najua walidungwa.

#11 MwalimuKalamu
@BwanaKamusi hii ndo imenipa hoja yangu bure. Mpitanjia Kiswahili chake hakina shida hata chembe, msamiati anao, muundo anao, na bado ufupisho wake umekosea. Kwa nini? Kwa sababu jambo lenyewe halikukaa sawa kichwani. Nilisema mimi.

#12 BintiSarufi
Aah mwalimu usijipe ushindi mapema hivyo. Mpitanjia hakusoma makala, alitoa kichwani. Wanafunzi wako wana karatasi mbele ya macho. Sio kesi moja.

#13 MamaWatatu
Nyie wa Tuskegee, hapo pana mtego mwingine wa lugha. Wale watu waliambiwa wanatibiwa "bad blood", yaani damu mbaya. Ilikuwa lugha ya mtaani pale, inabeba magonjwa chungu nzima, uchovu, upungufu wa damu, kaswende, chochote. Nimefundisha hiyo makala mara mbili. Mara ya kwanza darasa karibu lote wakaandika "the men had infected blood" na wanajisikia wamefanya kazi nzuri, maneno yamebadilika, sarufi safi. Lakini angalia kilichotokea. Yale maneno "bad blood" ndo uongo wenyewe! Ukiyageuza yakawa damu yenye maambukizi umegeuza udanganyifu ukawa taarifa ya daktari. Mwanafunzi kawasafisha watafiti bila kujua.

Na kuna ile barua waliyotumiwa waende kuchomwa sindano ya uti wa mgongo. Ilikuwa ni kipimo tu, matibabu hakuna, ila barua ikaiita "special free treatment". Wangu mmoja akafupisha "the men received free treatment". Nilitamani kulia. Mara ya pili nikawaambia neno la mdanganyifu unaliacha kwenye alama za kunukuu na unasema nani alilitamka. Wakapata wengi, sio wote.

#14 KitiChaMbele
"The men received free treatment" aisee. Mtu anafeli Kiingereza alafu anaandika historia mpya kabisa.

#15 MzeeWaChaki
@MamaWatatu hapo nimevua kofia.

#16 BwanaKamusi
Niongeze moja, na hii inatuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Ripoti ya Belmont ya 1979, ile ya Marekani ya maadili ya utafiti kwa binadamu, iliyoandikwa baada ya hilo sakata la Tuskegee, ina nguzo tatu. Kuheshimu watu, kutenda mema, na haki. Sasa mpe mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili asome "justice", anaiweka kichwani kama haki. Sawa. Akitaka kuandika kwa maneno yake anaitoa haki kichwani na inatoka kama "rights". Ufupisho unasoma "patients have rights". Nani atakataa? Ni sentensi nzuri. Ila Belmont hapo inazungumzia mgawanyo, nani anabebeshwa mzigo wa utafiti na nani anakula matunda yake. Kwamba usiwatumie maskini kwa majaribio alafu dawa ikipatikana ikanunuliwa na wenye nazo. Neno letu moja linabeba mizigo miwili, njiani mmoja unadondoka.

Na "respect for persons" ndo usiseme. Heshima. Nimesomewa ufupisho unaosema madaktari wawasalimie wagonjwa vizuri.

#17 KichwaNgumu
Hahaha kwani si kweli wawasalimie? Mi huyo nampa vema.

#18 SistaZamu
Naunga mkono wasalimiwe 😂 Ila kweli hapo ni kumchukulia mtu kama mwenye akili ya kujiamulia, na asiyeweza kujiamulia alindwe. Shikamoo haitoshi.

#19 MwanafunziWaMilele
Naomba na sisi tunaosoma tuseme. Mi niko kiwango cha kati kama hao wa mwalimu. Mnaongea kama sisi hatujui tunachofanya. Tunajua. Nikichukua kamusi nikabadilisha neno kwa neno najua kabisa haipendezi, ila nahesabu hivi, nikibadilisha muundo nitakosea sarufi na nitakatwa maksi, nikiacha muundo maksi za sarufi zinabaki. Sasa nichague nini? Mwalimu anasahihisha kwa kalamu ile ile vitu viwili kwa wakati mmoja. Nikithubutu naadhibiwa. Toeni maksi za sarufi kwenye hilo zoezi muone kama hatutasema kwa maneno yetu.

Na jingine, "subject". Makala imejaa "the subjects were not told". Mi nilidhani mada hazikuambiwa, kumbe ni watu wanaofanyiwa utafiti. Nilisoma kurasa mbili nikiwa na mada zisizoambiwa kitu.

#20 BintiSarufi
@MwanafunziWaMilele hii ya maksi imenichoma. Ni kweli na sina utetezi.

Ila angalia hapo kwenye "were not told". Hiyo kauli ya kutendwa ni kichaka. Hawakuambiwa na nani? Makala za aina hii zimejaa seli zilichukuliwa, ridhaa haikuombwa, dawa haikutolewa. Mi nawapa zoezi moja tu, kila "were" wamtafute mtu aliyejificha nyuma yake wamtoe waandike jina lake mbele. Ukimtoa, sentensi imebadilika kiunzi na maadili yamejitokeza hapo hapo. Kama makala haimtaji, andika kwamba haimtaji, na huo nao ni uchunguzi.

#21 Mpitanjia
Mbona rahisi tu, soma, funika karatasi, mweleze jirani yako kwa mdomo kama unamsimulia umbea, alafu andika ulichosimulia. Huwezi kunakili kitu usichokiona.

#22 MamaWatatu
Inasaidia, naitumia, lakini ina ugonjwa wake. Wakifunika wanaanza kutunga. Hiyo ya Henrietta Lacks niliwafunikisha, nikasimuliwa kwamba Dokta Gey, yule mtafiti aliyezikuza seli, alimkata nyama akaenda kuuza seli akatajirika. Umbea ulinoga kweli ila...

#23 BwanaKamusi
...ila Gey hakumkata na hakuziuza. Aliyekata kipande ni daktari wa upasuaji aliyekuwa anamtibu pale hospitali ya Johns Hopkins, kikapelekwa maabara ya George Gey. Gey alizigawa bure kwa watafiti wenzake, biashara ilikuja baadaye na wengine. Henrietta mwenyewe alifariki Oktoba 1951 ana miaka 31, na familia ilikuja kujua zaidi ya miaka 20 baadaye kwamba seli zake ziko hai duniani kote. Seli hizo zinaitwa HeLa, herufi mbili mbili za majina yake, ila kwa muda mrefu watu walikuwa wanaambiwa mwenye seli ni Helen Lane.

Na kitu kingine wanafunzi wanakiruka, mwaka huo hakukuwa na utaratibu uliomlazimu daktari kuomba ridhaa kwa sampuli kama ile. Ukiandika "the doctor broke the law" umeongeza kitu ambacho hakipo. Unaweza kusema ni vibaya, ila hayo ni maoni yako, yakae aya yake.

#24 KichwaNgumu
Basi mi nawaambia waanze na kile kiapo cha madaktari cha Hippocrates, "first, do no harm", maneno manne, mtu ashindwe kusema upya maneno manne?

#25 BwanaKamusi
Samahani naonekana mnoko leo. Hayo maneno kwenye kiapo hayamo. Kiapo kina ahadi ya kutodhuru ila sio sentensi hiyo.

#26 KichwaNgumu
Mnoko ni jina dogo 😭 Ila asante, nimeshafundisha hivyo miaka mitatu.

#27 MzeeWaChaki
Turudi kwenye ufupisho maana tumeng'ang'ania nusu ya swali. Kwa uzoefu wangu tunakosea mpangilio. Tunaanza na kusema upya, ndo tunaenda kwenye ufupisho. Geuzeni. Mpe aya ya maneno 200, mwambie nipe maneno 15. Hapo hata akitaka kunakili hana nafasi, lazima aamue nini kinakufa nini kinaishi. Akishaamua, ameshaelewa. Kusema upya kunakuja kwenyewe.

#28 MamaWatatu
Naogopa hiyo Mzee. Kwenye maneno 15 kinachokufa kwanza ni "may", "some", "without". Makala inasema mgonjwa anaweza kukataa, kwenye 15 inakuwa mgonjwa anakataa. Kwenye hadithi haina shida. Hapa ni kesi.

#29 MzeeWaChaki
Basi yawe 20, nimeongeza matano kwa ajili ya hivyo vidogo vyako.

#30 MwalimuKalamu
Nimerudi wakuu, asanteni. Jana nimejaribu vitu vyenu. Kalamu mbili za SistaZamu, maksi za sarufi nimezitoa kama alivyosema MwanafunziWaMilele, nikawapa maneno 20 ya Mzee. Kwa wengine imeenda. Yule wa "grabbed" kaanza na mgonjwa, kaandika "Henrietta Lacks did not know that her doctor kept part of her tumour", nikafurahi. Wawili wameendelea na viraka kama kawaida, na nusu ya darasa wamezungushia nyekundu karibu kila neno, wakabaki na "and" na "the" kama mali yao.

Alafu kuna huyu aliyesema Henrietta hana seli. Kaandika sentensi moja tu kwenye ukurasa mzima: "They used her and nobody asked her." Basi. Mwaka hakuna, maabara hakuna, daktari hakuna, hata seli zenyewe hamna. Nimekaa na hiyo karatasi tangu jana sijaitia kalamu. Mngempa ngapi kwenye kumi?

#31 BintiSarufi
Nne. "They" ni nani? Kichaka kile kile.

#32 SistaZamu
Tisa.

#33 BwanaKamusi
Tatu. Hiyo inaweza kuwa habari ya mtu yeyote duniani.

#34 MamaWatatu
@BwanaKamusi ndo maana mi nampa nane.

#35 MwanafunziWaMilele
Muulizeni mwenyewe kwanza alimaanisha nini, alafu mpeni. Sisi huwa hatuulizwi.

#36 KitiChaMbele
Kwa hiyo seli bado hana 😂